Watemi Wanawake wa Njia ya Misafara: Tarehe Fupi, Tabora hadi Buha

Kabla Tabora haijawa mji wa reli na ofisi za serikali, ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliojenga hapo mnamo mwaka 1852, katika nchi ya Unyanyembe, waliishi kwa ridhaa ya mtemi, yaani mtawala wa kurithi aliyeamua kesi na kusimamia matambiko ya nchi. Kiti hicho kwa kawaida kilikaliwa na mwanamume, lakini hakikufungwa kwa mwanamke, kwa sababu katika sehemu kubwa ya Unyamwezi urithi wa utemi ulifuata upande wa mama, na mtemi alirithiwa na mwana wa dada yake.

Ushahidi wa mapema ulioandikwa ni wa mwaka 1858, John Hanning Speke alipotoka Kazeh, makazi yaliyo asili ya Tabora, akielekea kaskazini kwenye ziwa aliloliita Victoria, na njiani akapokewa na mtemi mwanamke aliyeitwa Ungugu. Speke alimwelezea kuwa bibi mzee, mfupi na mnene, mwenye waya wa shaba mikononi, aliyemkagua mgeni na nguo zake kwa udadisi. Maelezo hayo yana kejeli ya msafiri, lakini hata kejeli yake haikuficha kwamba mgeni ndiye aliyekwenda kwa mwenye nchi.

Habari ya Nyaso ni nzito zaidi. Mwezi Januari 1893 askari wa Kijerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliliteka boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akalipua ghala la baruti kuliko kutekwa akiwa mzima. Baada ya hapo Wajerumani wakamsimika Nyaso, mwanamke wa ukoo wa kitemi, na nchi kadhaa zilizokuwa chini ya Unyanyembe zikatengwa nayo. Ni rahisi kumhesabu Nyaso kuwa kibaraka aliyechaguliwa kwa unyonge wa jinsia yake, ila hukumu hiyo inasahau kwamba mnamo mwaka 1860 wafanyabiashara wa Kiarabu walimfukuza Mnywa Sele, aliyetaka kuwatoza ushuru, wakamkalisha mahali pake Mkasiwa, aliyekuwa mwanamume. Kusimikwa na mgeni kulikuwa desturi ya kiti cha Unyanyembe, ambacho utajiri wa njia ulikifanya kigombewe.

Waingereza, walioishika nchi baada ya Wajerumani, walileta mpango mwingine, wa kutawala kwa kupitia machifu, uliowekewa sheria mwaka 1926, ambapo chifu alipewa baraza la kesi, hazina ya wenyeji na kazi ya kukusanya kodi. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kuwaandaa wana wa watemi kwa kazi hizo, ilikuwa ya wavulana. Kwa hiyo Mwami Theresa Ntare, aliyeshika utawala wa Heru katika Buha, Kasulu ya leo, mwaka 1946, aliingia katika serikali ya mahali ambayo haikuwa imemtazamia mtu kama yeye. Mwami ni cheo cha mtawala mkuu katika Buha, na chini yake walikuwapo watwale, wasimamizi wa maeneo madogo. Nchi yake ilikuwa ikitoa wanaume wengi kwenda mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba, hivyo nyumba nyingi na mashamba mengi yalibaki mikononi mwa wanawake. Katika Mkutano wa Machifu wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1957, alikaa pamoja na akina Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, akiwa mmoja wa machifu wakuu wachache mno waliokuwa wanawake.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963 na madaraka yake yakahamia kwenye halmashauri za wilaya, ambazo nazo zilivunjwa mwaka 1972, kisha zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Leo wanawake wengi huingia katika halmashauri za Tabora, Nzega au Kasulu kwa viti maalumu, yaani nafasi za udiwani zinazogawiwa vyama kwa ajili ya wanawake. Tofauti na Ungugu au Theresa Ntare, diwani wa namna hiyo hana kata anayoiwakilisha peke yake.