Diski ya Columbia
Diski ya kompyuta iliyokuwamo katika chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilichosambaratika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003 na kuwafisha wanaanga wake wote saba, ni miongoni mwa ajabu za fani ya kuokoa mafaili. Ijapokuwa kasha lake liliungua na vumbi kupenya ndani, sahani zenyewe, zihifadhizo data kwa usumaku, na hapa ndipo penye siri ya kazi yote, zilisalimika. Basi mafundi wa Minnesota wakazisafisha, wakazihamishia katika kasha jipya, wakapata takriban asilimia 99 ya data. Hivyo matokeo ya majaribio ya gesi ya zenoni yaliyofanywa chomboni humo, yaliyodhaniwa yamepotea, yalichapishwa mwaka 2008.