Mkate umeachwa, tumbo bado linauma: historia ya swali moja kuhusu gluteni

Hadithi ya ugonjwa wa siliaki husimuliwa kwa ufupi na huishia pazuri. Mtu anaumwa tumbo miaka nenda rudi, anapimwa, anaambiwa aache ngano, anapona. Na kwa wengi ndivyo inavyokuwa kweli. Ila kuna kundi ambalo hadithi yao haiishii hapo. Wameacha chapati, wameacha maandazi, wanasoma maandishi ya kila pakiti dukani, mwaka unapita, na bado tumbo linajaa gesi, bado wanaharisha, bado uchovu ni ule ule. Wakirudi kliniki wanaulizwa: una uhakika hujala mkate?

Swali hilo lina umri mrefu kuliko neno gluteni lenyewe kutumika hospitalini. Na ukiifuatilia historia ya ugonjwa huu utaona kitu cha ajabu kidogo: mara nyingi waliowafundisha madaktari ni wagonjwa waliogoma kupona, au waliopona kisha wakarudi.

Kwanza tuwekane sawa. Siliaki si mzio wa kawaida, na si "tumbo kukataa mkate" tu. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai), inaushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Ukuta wa utumbo huo kwa kawaida umejaa vijidole vidogo sana vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa, vijidole hivyo husinyaa hadi ukuta unakuwa bapa. Chakula kinapita, lishe haiingii. Mtoto anakonda, tumbo linavimba, choo kinakuwa kingi, chenye mafuta na harufu kali. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la tumbo, na daktari Aretaeus wa Kapadokia aliandika kuhusu hali inayofanana na hii zaidi ya miaka 1,800 iliyopita.

Lakini tuanzie London, mwaka 1887. Samuel Gee, daktari katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, alitoa mhadhara kuhusu ugonjwa huu, na mwaka uliofuata ukachapishwa. Gee hakujua chanzo. Alichokisema kwa uhakika ni kwamba kama mgonjwa atapona hata kidogo, itakuwa kwa njia ya chakula. Akajaribu hiki na kile. Mtoto mmoja alilishwa kome wa Kiholanzi, karibu lita nzima kila siku, akanawiri. Msimu wa kome ukaisha, mtoto akaanguka tena. Msimu mwingine ulipofika mtoto akakataa katakata kuwala. (Na nani atamlaumu? Lita ya kome kila siku!)

Leo tunaweza kubahatisha kilichotokea: mtoto akishiba kome, nafasi ya mkate tumboni inapungua. Gee hakuwa na namna ya kuliona hilo. Aliyekuwa mbele yake ni mtoto aliyepata nafuu kwa chakula fulani kisha akarudi nyuma, na maelezo ya karibu yalikuwa kwamba chakula hicho kina nguvu ya kuponya. Kosa la kutazama kilichoongezwa badala ya kilichoondolewa liliendelea kwa zaidi ya nusu karne.

Ndipo zikaja ndizi. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alichapisha taarifa ya watoto 10. Wanane aliwapa lishe ya ndizi nyingi, akapiga marufuku mkate, biskuti, viazi na nafaka zote, walipona. Wawili ambao hawakupewa lishe hiyo walifariki. Kwa ugonjwa uliokuwa ukiua watoto, hiyo ilikuwa habari kubwa, na kwa miaka mingi Marekani ndizi zilihesabika kama dawa. Msomaji wa Bukoba au wa Moshi usijigambe bado. Ndizi hazikuponya chochote. Hazikuwa na madhara tu, huku marufuku ya mkate ikifanya kazi kimyakimya.

Hapa ndipo penye uchungu wa historia hii. Haas aliamini kwamba mtoto akishapona, amepona moja kwa moja. Basi watoto wakaruhusiwa kurudi kwenye mkate. Hata madaktari wasiomfuata Haas waliamini kwa miaka mingi kwamba ugonjwa huu ni wa utotoni na mtoto huuacha akikua, kwa sababu dalili nyingi hutulia katika umri wa kubalehe. Wengine walikuja kugundulika ukubwani, wana upungufu wa damu na mifupa dhaifu, wakati wao wenyewe walijua kuwa ule ugonjwa waliumaliza wakiwa wadogo. Dalili zilinyamaza, utumbo ukaendelea kuharibika.

Aliyeligeuza swali ni Mholanzi, Willem Karel Dicke, daktari wa watoto katika hospitali ya Juliana mjini The Hague. Hadithi inayopendwa ni ile ya Majira ya Baridi ya Njaa, 1944 hadi 1945, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani. Mkate ukaadimika, watu wakala hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wengi walidhoofika kwa njaa, lakini wale wenye siliaki wakawa na nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuumwa. Ni hadithi ya kweli, ila inapunjwa inaposimuliwa kana kwamba Dicke alizinduliwa na njaa. Alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930, na mwaka 1941 alikwisha chapisha taarifa ya lishe isiyo na ngano. Inasemekana kidokezo cha mwanzo kilitoka kwa mama aliyeona mwanawe anapata nafuu kila anapomnyima mkate. Vita vilithibitisha tu alichokuwa akikitafuta.

Baada ya vita Dicke alifanya kazi ya subira. Tasnifu yake ya Utrecht ya mwaka 1950 ina mistari ya ukuaji wa watoto aliowafuatilia kwa muda mrefu: ngano ikitolewa, mstari unapanda, ikirudishwa, unashuka. Akishirikiana na mkemia van de Kamer na daktari Weijers, walipima mafuta kwenye choo cha watoto siku baada ya siku. Kazi si nzuri hiyo, lakini ndiyo iliyoleta jibu. Wakaigawa ngano: wanga wake peke yake haukudhuru, protini yake ilidhuru. Timu ya Birmingham, Uingereza, akiwemo Charlotte Anderson, ilifikia jibu hilo hilo mwaka 1952. Mhalifu akapata jina: gluteni.

Ungedhani mambo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza swali letu linapata sura yake ya sasa. Maana kabla ya hapo, mgonjwa asiyepona ungeweza kusema chakula chake bado hakijapatikana. Sasa chakula kilijulikana. Asiyepona anaelezwaje?

Jibu lilihitaji kuutazama utumbo wenyewe, na hilo lilikuwa gumu. Utumbo wa maiti huharibika haraka, kwa hiyo kila ukuta bapa ulioonekana ulidhaniwa ni uozo wa baada ya kifo. Mwaka 1954 John Paulley, Uingereza, alipata vipande kutoka kwa wagonjwa hai waliopasuliwa na kuonyesha kuwa ubapa ule ni wa ugonjwa. Kisha Margot Shiner akabuni mrija wa kumezwa wa kuchukulia kipande bila kumpasua mtu, na mwaka 1957 Wamarekani Crosby na Kugler wakatoa kidonge cha chuma chenye kisu kidogo ndani, kinachomezwa kikiwa kimefungwa kwenye mrija. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuchungulia kabla ya lishe na baada ya lishe kwa mtu yule yule.

Walichokuta ni kwamba kujisikia vizuri na kupona utumbo ni vitu viwili, na kila kimoja kina saa yake. Kuna anayejisikia mzima ndani ya wiki chache huku ukuta bado ni bapa. Kuna ambaye utumbo umerudi vizuri lakini tumbo bado linamsumbua. Utafiti wa Mayo Clinic wa mwaka 2010 uliowafuata watu wazima 241 ulikadiria kuwa miaka 2 baada ya kugundulika, takriban 34% tu ndio walikuwa na ukuta uliopona. Baada ya miaka 5 walifika 66%. Kwa watoto hali huwa bora. Kwa hiyo mtu mzima aliye mwezi wa nane na hajawa sawa si lazima awe ni kesi ya ajabu. Huenda ni ukarabati tu unaendelea.

Kuna na maziwa. Kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vile vijidole. Vikisinyaa, nacho kinapungua, na chai ya maziwa ya asubuhi inageuka balaa. Mgonjwa anaapa hajagusa ngano, na anasema kweli.

Mwaka 2007 timu ya Boston ilipanga hesabu hizi vizuri. Kati ya wagonjwa 603, 113 walikuwa na dalili zisizoisha au zilizorudi. Gluteni ndiyo ilikuwa sababu kubwa kuliko zote, 36%. Lakini ona kinachobaki: 22% walikuwa na utumbo wenye usumbufu, ule unaouma ingawa ukikaguliwa hauna kidonda, 8% ni sukari ya maziwa, 6% ni uvimbe wa utumbo mpana unaoonekana kwa hadubini tu. Yaani karibu wawili kati ya kila watatu, "umekula mkate" halikuwa jibu.

Hata wale wa 36% tusiwaite wadanganyifu. Mwaka huo huo wa 2007 Carlo Catassi na wenzake, Italia, walichapisha jaribio ambalo wagonjwa waliokwisha pata nafuu walimeza vidonge kwa siku 90. Miligramu 50 za gluteni kwa siku zilitosha kuumiza ukuta wa utumbo, na kipande kimoja cha mkate kina zaidi ya gramu 1. Hizo ni punje za makombo. Mwaka uliofuata kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zikaweka kikomo cha chakula kuitwa "bila gluteni" kuwa miligramu 20 kwa kilo. Baadaye vikaja vipimo vya mabaki ya gluteni kwenye mkojo, na utafiti wa Hispania wa mwaka 2017 uliyakuta kwa karibu nusu ya wagonjwa waliokuwa kwenye lishe. Huku kwetu fikiria mashine ya kusaga inayosaga ngano kisha mahindi, unga wa lishe uliochanganywa ngano bila wewe kujua, au chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya maandazi.

Na wako ambao hata lishe kamili haiwafikii. Mwaka 1978 Wamarekani walikwisha waandika kama kundi maalumu: muda mrefu bila gluteni, dalili zipo, ukuta bado bapa. Ni wachache sana. Miaka ya 1990 ikielekea mwisho, timu ya Paris ya Christophe Cellier ilionyesha kuwa kundi hilo ni mawili. La kwanza hutibika kwa dawa za kupunguza makali ya kinga. La pili lina chembe za kinga zisizo za kawaida, zilizokwisha acha kusubiri gluteni iwachokoze, na zinaweza kugeuka saratani. Takriban nusu ya wagonjwa hao hufariki ndani ya miaka 5. Daktari anayeishia kwenye "una uhakika hujala mkate?" anaweza kumpita mtu huyu bila kumwona.

Wengi wetu tumezoea kuuita huu ugonjwa wa wazungu. Mwaka 1999 Catassi na wenzake waliwapima watoto 990 wa Sahara Magharibi na kukuta 5.6% wana siliaki, wakati Ulaya kiwango ni kama 1%. Wasaharawi wengi wanaishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria, ambako chakula cha msaada ni unga wa ngano kwa sehemu kubwa. Mama wa pale akiulizwa kama mwanawe amekula mkate, anayeulizwa si mtu sahihi.

Jambo moja la vitendo, kwa sababu huwa tunaulizwa sana: ukihisi una tatizo hili, usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotengenezwa gluteni ikiwepo, na ukishaiacha miezi kadhaa zinashuka, kipimo kinasema huna. Hapo dalili zikibaki, wewe na daktari wako hamtajua kama ni siliaki isiyopona au ni kitu kingine kabisa, na njia ya kujua itakuwa kurudi kula mkate kwa wiki kadhaa ili mpime upya.