Ushindi Uliofutwa: Haki na Kanuni za Kufuzu katika Soka la Afrika

Tarehe 8 Oktoba 2011, katika uwanja wa Mbombela mjini Nelspruit, wachezaji wa Afrika Kusini walicheza na kuimba baada ya sare ya 0–0 dhidi ya Sierra Leone. Waliamini wamefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2012. Walikuwa na alama 9, sawa na Niger na Sierra Leone, na tofauti yao ya mabao ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Ndiyo maana waliridhika kuilinda sare. Lakini kanuni ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) haikuanzia kwenye tofauti ya mabao. Timu zikilingana kwa alama, kilichotazamwa kwanza ni mechi zilizozikutanisha timu hizo zenyewe. Kwa hesabu hiyo Niger ilikuwa na alama 6, na wenzake 5 kila mmoja. Niger, ambayo siku hiyohiyo ilifungwa 3–0 na Misri jijini Cairo, ikafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Wako wanaolitaja tukio hilo kama mfano wa kanuni mbovu. Sikubaliani nao. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla ya mashindano, na ilizibana timu zote nne za kundi kwa namna moja. Iliuma, lakini haikumdhulumu mtu. Sisi Watanzania tunaijua kanuni hiyo vizuri. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3–0 jijini Dar es Salaam na kurejea AFCON, ambako haikuwa imeonekana tangu 1980. Siku hiyo Lesotho, iliyokuwa kundini mwetu, ilitoka sare na Cape Verde kule Praia. Lau Lesotho ingeshinda, ingefikisha alama 8 kama zetu, na mabao yetu matatu yasingetufaa kitu, kwa kuwa Lesotho ilikuwa imetufunga 1–0 Maseru na kutoka nasi sare ya 1–1 hapa nyumbani. Tungelia, na tusingekuwa na hoja.

Kwa hiyo maumivu hayatoshi kuwa kipimo cha haki. Makala haya yanapendekeza vipimo viwili. Kwanza, kanuni ijulikane kabla mpira haujapigwa. Pili, na hapa ndipo penye uzito, kanuni isimfanye aliyeshinda awe sawa na aliyeshindwa kushinda. Kanuni iliyotumika kuwapanga washindi wa pili wa Afrika katika safari ya Kombe la Dunia la 2026 ilianguka katika kipimo hicho cha pili.

Mpangilio wenyewe ulikuwa hivi. Timu 54 ziligawanywa katika makundi 9 ya timu sita sita. Kinara wa kila kundi alifuzu moja kwa moja, na washindi wa pili wanne walio bora walikwenda kwenye mchujo. Novemba 2023, kabla ya mechi ya kwanza, Eritrea ilijitoa, na Kundi E la Morocco, Niger, Tanzania, Zambia na Kongo-Brazzaville likabaki na timu tano. Mshindi wa pili wa kundi hilo angecheza mechi 8, wenzake 10. Dawa iliyotumika ilikuwa ile ambayo Ulaya nayo imewahi kuitumia makundi yasipolingana: katika makundi mengine, matokeo ya mshindi wa pili dhidi ya timu iliyoshika mkia yalifutwa.

Tazama sasa dawa hiyo ilivyofanya kazi. Burkina Faso ilimaliza Kundi A nyuma ya Misri ikiwa na alama 21: ilishinda mara 6, ikatoka sare mara 3 na kufungwa mara 1. Nigeria ilimaliza Kundi C nyuma ya Afrika Kusini ikiwa na alama 17: ilishinda mara 4, ikatoka sare mara 5 na kufungwa mara 1. Mkia wa Kundi A ulikuwa Djibouti, ambayo Burkina Faso iliifunga 4–1 na 6–0. Mkia wa Kundi C ulikuwa Zimbabwe, ambayo Nigeria ilitoka nayo sare ya 1–1 mara mbili. Burkina Faso ikapokonywa alama 6 na mabao 9 ya ziada. Nigeria ikapokonywa alama 2 tu, na tofauti yake ya mabao haikuguswa. Zote mbili zikabaki na alama 15. Nigeria ilikuwa na mabao 7 ya ziada, Burkina Faso 6. Nigeria ikaenda kwenye mchujo uliofanyika Morocco, Burkina Faso ikaishia hapo.

Siilaumu Nigeria. Iliifunga Benin 4–0 katika mechi ya mwisho, na bila mabao hayo isingefika popote. Ninachokilaumu ni hesabu iliyozisamehe sare mbili na timu dhaifu kuliko zote kundini, kisha ikamtoza aliyefanya kazi yake kwa ukamilifu. Tena hakuna timu iliyojua ni mechi zipi zitakazofutwa hadi mkia wa kundi ulipojulikana, nao huamuliwa na mechi za watu wengine. Mchezaji anayeingia uwanjani ana haki ya kujua kama mechi anayoicheza inahesabiwa.

Watetezi wa kanuni hii wana hoja ya kweli: Niger, mshindi wa pili wa Kundi E, haikupata kibonde wa kuvuna alama kwake, na kujumlisha alama za mechi 10 na za mechi 8 kungeidhulumu. Lakini dhuluma kwa Niger haiondolewi kwa kuidhulumu Burkina Faso. Wastani wa alama kwa mechi ungetosha: Burkina Faso 2.1, Niger 1.875, Nigeria 1.7. Wastani nao una kasoro, kwa kuwa makundi hayalingani kwa ugumu. Hata hivyo haufuti jasho la mtu.

Yapo mazingira ambamo kufuta matokeo ni halali. Mwaka 2018 Sierra Leone ilipofungiwa na FIFA na kuondolewa katika mbio za AFCON 2019, matokeo yake yote yalifutwa, na Kenya ikaondokewa na kipigo cha 2–1 ilichokipata mbele yake. Lakini timu iliyoondolewa iliondolewa kwa wote, na waliobaki walishindana wao kwa wao ndani ya kundi lilelile. Tatizo huanza tunapowalinganisha watu ambao hawajakutana.

Hata uwanja wa nyumbani, msingi wa ulinganisho wowote, haukuwa wa wote katika mbio hizo za 2026. Juni 2024 Kenya iliwapokea “wageni” wake Burundi na Côte d’Ivoire mjini Lilongwe, Malawi. Novemba 2023 Zimbabwe iliikaribisha Nigeria mjini Huye, Rwanda. Katika hali kama hiyo, kudai kwamba bao moja la ziada linatenganisha ubora wa timu za makundi mawili ni kuipa hesabu nguvu isiyo nayo.

Njia safi CAF iliwahi kuitumia. Katika safari ya 2022, makundi 10 ya timu nne nne yalitoa vinara 10, wakakutana wawili wawili, nyumbani na ugenini, na watano wakaenda Qatar. Hakuna aliyeondolewa na matokeo ya timu ambayo hakuwahi kukutana nayo. Vyama vya soka vya Afrika Mashariki, vitakavyoandaa AFCON 2027 kwa pamoja, vina sauti ndani ya CAF. Kabla ya droo ya kufuzu Kombe la Dunia la 2030, viitumie kudai kwamba alama iliyopatikana uwanjani isifutwe tena ili kulinganisha makundi.