Henry Cecil: mfundishaji wa farasi ambaye watu walisema amekwisha

Kwenye mbio za farasi kule Uingereza, mfundishaji ni sawa na kocha wa timu ya mupira. Yeye ndiye anaamua farasi akimbie mbio gani, akule nini, apumzike siku gani. Yule anayempanda siku ya mbio ni mutu mwingine. Henry Cecil alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 40 katika mji wa Newmarket.

Alizaliwa mwaka 1943 pamoja na pacha wake David. Baba yao alikuwa amekwisha kufa vitani. Mama aliolewa tena na Cecil Boyd-Rochfort, aliyefundisha farasi za Malkia Elizabeth, na ni kwake Henry alijifunza kazi. Alianza kujitegemea mwaka 1969. Tangu 1976 mpaka 1993 alikuwa wa kwanza kati ya wafundishaji wote mara 10, na katika kazi yake yote Derby ya Epsom aliishinda mara 4.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1995 Sheki Mohammed wa Dubai aliondoa farasi zake kwake. Mwaka 2000 David akafa kwa kansere. Mwaka 1987 Cecil alikuwa ameshinda mbio 180. Mwaka 2005 alipata 12 tu. Mwaka uliofuata, kansere ikamshika yeye pia.

Hakuacha kazi. 2007 farasi jike Light Shift alishinda mbio za Oaks, watu wakampigia Cecil makofi sana. Na Khalid Abdullah, mwana wa ukoo wa kifalme wa Saudia ambaye hakumuacha wakati wa shida, akamukabidhi Frankel.

Huyu farasi alikuwa na nguvu ya ajabu, lakini hakujua kungoja; alitaka kumaliza yote mwanzoni tu. Cecil alimfundisha pole pole kutulia, na hapo ndipo akili ya mfundishaji inaonekana. Kati ya 2010 na 2012 Frankel alikimbia mbio 14, akashinda zote 14. Kule York, mwezi wa 8 mwaka 2012, Cecil alikuja kumutazama akiwa amekonda, sauti karibu imekwisha juu ya matibabu.

Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka 2011. Alikufa tarehe 11 mwezi wa 6 mwaka 2013. Siku 9 nyuma, kule Ascot, farasi Riposte wa Khalid Abdullah alishinda, mfundishaji akiwa mjane wake, Jane.