Matambara ya kusafishia na mfuko wa dekio

Tambara la kusafishia ni kipande cha nguo kuukuu kilichokatwa na kupindwa ili kifutie meza, kikaushie vyombo au kidekie sakafu, kisha kifuliwe na kutumika tena. Kipande hicho kikishonwa kwa umbo la kuvikwa kwenye kichwa cha dekio huwa mfuko wa dekio. Katika kata ya Matembwe, Wilaya ya Njombe, kama kwingineko Nyanda za Juu Kusini, kazi kubwa ya vifaa hivi ni kuondoa vumbi la kiangazi na tope la masika.

Upatikanaji wa nguo

Nguo hutoka kabatini, kwenye mabaki ya fundi cherehani, au katika mitumba, iliyoingia Tanzania kwa wingi tangu masharti ya biashara yalegezwe katikati ya miaka ya 1980. Masoko makubwa ya jirani ni ya Njombe mjini na Makambako, mji ulio kwenye njia panda ya barabara ya Songea na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, wenye pia stesheni ya TAZARA.

Uchaguzi

Nguo ifaayo ni ya pamba: kanga iliyochoka, shuka, fulana, taulo. Ili kuitambua, dondoshea tone la maji: pamba iliyofuliwa mara nyingi hulinywa papo hapo, ilhali poliesta huliacha likiteleza juu. Njia nyingine ni kuchoma uzi mmoja. Wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Wa poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga. Nguo ya jinzi hunywa maji lakini ni nzito kukamua na huchelewa kukauka.

Ushonaji

Kanga moja ya sentimita 150 kwa 110 hutoa vipande 15 vya sentimita 30 kwa 30, na hubaki ukanda wa sentimita 20 wa kukatia kamba. Vifungo, zipu na mishono minene huondolewa kwanza, kwa kuwa hukwaruza. Kingo hupindwa mara mbili ili nyuzi zisifumuke. Tambara la vyombo huwekwa matabaka mawili na kushonwa msalaba katikati, yasijikunje.

Kwa dekio lenye kichwa bapa, pima urefu wa kichwa na uongeze sentimita 12 kila upande. Sentimita 2 za kila mwisho hupindwa, na 10 zinazobaki hukunjwa na kushonwa pembeni kuwa vifuko viwili vya kuchomekea ncha za kichwa. Upana nao uzidi kidogo ule wa kichwa. Taulo hukaa upande wa sakafu. Kamba mbili hufungwa juu ili mfuko usichomoke.

Matunzo

Tambara la jikoni, la chooni na la sakafu hutenganishwa, kwa rangi ya uzi wa pindo kwa mfano. Matembwe, inayojulikana kwa kampuni ya kijiji inayototolesha vifaranga, ina sababu ya ziada: tambara la banda la kuku lisirudi jikoni kamwe. Lililotumika kupaka nta ya sakafu nalo hukaa peke yake, kwani nta huzuia pamba kunywa maji.

Baada ya kazi, tambara hufuliwa kwa sabuni, husuuzwa na kuanikwa juani likiwa limetandazwa. La vyombo huchemshwa mara kwa mara. Baridi ya Njombe, inayozidi kati ya Juni na Agosti, huchelewesha ukaukaji, na tambara bichi hunuka na kuzalisha vijidudu. Kwa hiyo matabaka yasizidi mawili, na kila kazi iwe na matambara ya kubadilisha.

Lililochakaa kabisa, likiwa la pamba tupu na halina nta wala kemikali, hukatwakatwa na kuozeshwa kwenye mboji. La poliesta haliozi, hivyo lisitupwe shambani.