Bakteria sugu katika vidonda vya miguu vya kisukari

Hawa ni bakteria wanaokaa kwenye kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari na ambao antibiotiki zilizozoeleka haziwaui tena. Katika kila watu 100 wenye kisukari, kati ya 19 na 34 hupata kidonda cha mguu wakati fulani maishani, na zaidi ya nusu ya vidonda hivyo huingiwa na maambukizi.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, miguu hufa ganzi na mishipa ya damu huziba. Mtu hukanyaga msumari au hubanwa na kiatu asihisi chochote. Ambako damu haifiki, dawa nayo haifiki: mgonjwa humeza dozi kamili, lakini kidoleni hupenya kiasi kidogo tu, kinachoua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio imara. Zaidi ya hayo, bakteria hujifunika utando wa ute juu ya nyama iliyokufa, na humo dawa huwapata kwa shida. Ndiyo maana kusafisha kidonda na kuondoa nyama iliyooza ni tiba yenyewe, wala si maandalizi ya tiba. Wagonjwa wengi hulazwa wakiwa wameshatumia dawa za dukani kwa majuma, kisha wodini huweza kuambukizwa bakteria wengine sugu kupitia mikono ya wahudumu na vifaa.

Anayejulikana zaidi ni *Staphylococcus aureus* sugu kwa methisilini, aliyeripotiwa Uingereza mwaka 1961, miaka miwili hivi baada ya dawa hiyo kupatikana. Katika nchi zenye joto, zikiwemo India na Tanzania, mara nyingi hutawala *Pseudomonas*, *Klebsiella* na *E. coli*. Baadhi yao hutoa vimeng'enya vinavyovunja dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini. Wachache huvunja hata kabapenemu, ambazo madaktari huziweka akiba.

Kosa linalogharimu sana ni kupangusa uso wa kidonda kwa pamba na kuipeleka maabara. Pamba huokota bakteria wa juu juu, na daktari huishia kuwatibu wasio na hatia. Sampuli inayofaa ni kipande cha nyama kutoka chini ya kidonda, kilichochukuliwa baada ya kusafisha. Kidonda kisicho na wekundu, uvimbe, joto, maumivu wala usaha hakihitaji antibiotiki hata kidogo, ingawa ndugu wa mgonjwa huziomba kwa uchungu unaoeleweka.

Maambukizi ya nyama hutibiwa wiki 1 hadi 2. Yakifika kwenye mfupa, dawa huendelea kwa takriban wiki 6. Mfupa ulioathirika ukiondolewa wote, siku chache hutosha. Mguu uliokosa damu huhitaji pia mishipa izibuliwe, huduma ambayo katika Afrika Mashariki bado hupatikana kwenye hospitali chache kubwa.