Mpiga Picha wa Ghorofa ya Juu

Mwezi Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wagonjwa kutoka kambi ya wafugaji liliingia Merca, mji wa pwani ya Somalia, likitafuta nyumba ya kiongozi wa timu ya kupambana na ndui. Dereva hakuijua njia. Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi katika hospitali ya mji huo, alipanda kumwelekeza. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu. Maalin alikuwa amewahi kufanya kazi ya kuchanja watu, lakini yeye mwenyewe sindano aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Homa ilipompanda alidhaniwa ana malaria. Vipele vilipotoka tarehe 26 Oktoba, aliambiwa ni tetekuwanga. Kumbe ilikuwa ndui, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeipata tena kwa njia yake ya asili, yaani kwa kuambukizwa na mgonjwa mwenzake mtaani.

Maalin alipona. (Aliishi hadi mwaka 2013, akafa kwa malaria alipokuwa katika kampeni ya chanjo ya polio, kazi aliyoifanya kwa moyo kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakutaka nchi yake iwe ya mwisho mara ya pili.) Merca nzima ilipekuliwa nyumba kwa nyumba na watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa. Shirika la Afya Duniani likaanza kuhesabu: miaka miwili ikipita bila mgonjwa, dunia itatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Hata hivyo, ndui haikuwa imetoweka kabisa. Ilikuwa bado ndani ya majokofu. Shirika lilipouliza, katikati ya miaka ya 1970, ni nani anayeihifadhi, maabara zaidi ya 70 ulimwenguni zilijibu kwamba zinayo. Zikaombwa ziteketeze akiba zao au zizipeleke kwenye vituo vichache vyenye ulinzi wa kutosha. Nyingi zilitii. Mojawapo ya zilizobaki ilikuwa katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, chini ya Profesa Henry Bedson.

Bedson alikuwa mtaalamu wa kweli, mwenye kuheshimiwa na wenzake. Swali alilolifanyia kazi lilikuwa la maana kubwa kwa kampeni nzima: je, ndui inaweza kuwa imejificha kwa wanyama, ikangoja siku ya kurudi? Mwaka 1970 ugonjwa wa ndui ya nyani ulikuwa umegunduliwa kwa mtoto huko Kongo, na baadhi ya maabara zilidai kupata kwa wanyama virusi visivyotofautiana na vya ndui yenyewe. Kama madai hayo yalikuwa kweli, kuwachanja binadamu wote kusingetosha. Inachekesha, kwa namna ya uchungu, kwamba baadaye baadhi ya virusi hivyo vilionekana kuwa ndui ya kawaida tu, iliyopenya na kuchafua sampuli za wanyama humo humo maabarani.

Muda wa Bedson ulikuwa unakwisha. Chuo kiliomba kitambuliwe kuwa mojawapo ya vituo rasmi vya ndui, ombi likakataliwa. Maabara ilitakiwa ifungwe kufikia mwisho wa 1978. Wakaguzi wa Shirika la Afya Duniani walifika, wakasema chumba hakifikii viwango vyao, kisha wakapendekeza mabadiliko machache ya taratibu za kazi. Bedson aliwaambia kwamba kazi za ndui zimekuwa zikipungua tangu mwaka 1973. Haikuwa kweli. Zilikuwa zimeongezeka sana, kwa sababu alikuwa akikimbizana na tarehe ya kufungwa.

Ghorofa ya juu ya maabara hiyo kulikuwa na idara ya anatomia, na huko ndiko alikofanya kazi Janet Parker, mpiga picha wa shule ya tiba. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za sampuli na vielelezo vya kufundishia, kuzisafisha katika chumba chake cha giza, na kuagiza karatasi na dawa za kusafishia. Hakuwa mwanamaabara na wala hakuhusika na ndui. Chanjo yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1966, na kinga ya chanjo hiyo hufifia miaka inavyokwenda.

Tarehe 11 Agosti 1978 Parker, mwenye umri wa miaka 40, alianza kuumwa kichwa na misuli. Vipele vilifuata. Madaktari walifikiria tetekuwanga, au mwili kukataa dawa. Hatuwezi kuwalaumu sana: daktari kijana wa Birmingham wa mwaka huo aliijua ndui kwa picha za vitabuni tu. Kwa muda wa karibu majuma mawili mgonjwa wa ndui alilala nyumbani, akihudumiwa na wazazi wake.

Alilazwa tarehe 24 Agosti, akiwa hawezi hata kusimama bila kushikwa. Daktari Alasdair Geddes, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, alimtazama, akauliza anafanya kazi wapi, na jibu likamtia wasiwasi. Majimaji yalichukuliwa kwenye malengelenge yake na kupelekwa kwa mtu aliyekuwa na ujuzi wa kuyatambua kuliko wote mjini, ambaye ni Bedson. Profesa aliweka sampuli chini ya hadubini ya elektroni. Alichokiona ni chembe zenye umbo la tofali, zilezile alizoziona karibu kila siku katika maabara yake. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba ni aina iliyoitwa Abid, jina la mtoto wa Pakistan aliyeugua mwaka 1970. Aina hiyo ilikuwa ikifanyiwa kazi ghorofa ya chini ya chumba cha Parker.

Usiku huo Parker alihamishiwa Catherine-de-Barnes, hospitali ndogo ya kutengea wagonjwa karibu na Solihull, iliyotunzwa ikiwa tupu kwa ajili ya siku ya namna hiyo. Watu wapatao 500 waliwekwa karantini majumbani mwao. Baba yake, aliyekuwa chini ya uangalizi, alifariki tarehe 5 Septemba, inavyodhaniwa kwa moyo. Mwili wake haukupasuliwa kwa kuhofia maambukizi. Siku iliyofuata Bedson, ambaye naye alikuwa karantini nyumbani huku waandishi wa habari wakiwa wamejazana nje, alijijeruhi, akafa tarehe 7. Siku hiyohiyo mama yake Parker alianza kuonyesha dalili. Tarehe 11 Septemba Janet Parker mwenyewe alifariki. Hadi leo ndiye mtu wa mwisho anayejulikana kuuawa na ndui. Mama alipona, lakini kwa kuwa alikuwa ametengwa hakuhudhuria mazishi ya mume wala ya binti.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana Birmingham haikuwa imekosa onyo. Mwaka 1966 mpiga picha mwingine, katika shule ileile ya tiba, aliugua ndui ya aina hafifu, nayo ikasambaa kwa watu kadhaa kabla ya kutambuliwa. Uchunguzi rasmi wa chanzo haukufanyika. Kisha mwaka 1973, jijini London, mfanyakazi wa maabara katika chuo cha afya na tiba ya nchi za joto aliambukizwa ndui iliyokuwa ikivunwa kutoka kwenye mayai ya kuku, njia ya kawaida ya kuikuza wakati huo, nje ya kabati la usalama. Yeye alipona. Waliokufa ni watu wawili waliokuja wodini kumtembelea mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Kabati hilo la usalama si kitu cha ajabu. Ni sanduku lenye kioo mbele na uwazi wa kuingizia mikono. Feni huvuta hewa kutoka upande wa mfanyakazi kuielekeza ndani, kisha huipitisha kwenye chujio kabla ya kuitoa. Linahitajika kwa sababu kufungua kizibo, kutikisa chupa au kupuliza tone la mwisho kutoka kwenye pipeti hurusha vitone vidogo visivyoonekana, vyepesi kiasi cha kuelea hewani. Anayeambukizwa mara nyingi hakumbuki kosa lolote. Mwaka 1951 watafiti wa Marekani, Sulkin na Pike, walikusanya taarifa za maambukizi zaidi ya 1,300 yaliyotokea maabarani nchini mwao, na ni takriban asilimia 16 tu waliyoweza kuyahusisha na ajali inayojulikana, kama vile kujichoma sindano au kuvunjika kwa chupa. Mengine yote yalitokea wakati kazi ikionekana kwenda salama salimini.

Baada ya maafa ya London iliundwa kamati ya kuishauri serikali kuhusu vimelea hatari, na kamati hiyo ilikagua maabara ya Bedson mara mbili. Mara zote mbili iliruhusu kazi iendelee. Hayo yalifichuliwa na tume ya Profesa Shooter, iliyoteuliwa kuchunguza kifo cha Parker. Tume ilikuta vifaa na chumba vikiwa chini kabisa ya kiwango kilichotakiwa na baadhi ya wafanyakazi wakiwa hawajapata mafunzo maalumu. Kuhusu njia ya maambukizi, ilitaja tatu: kugusana na mtu aliyetoka maabarani, kugusa kifaa kilichochafuka, au hewa. Iliyopewa uzito ilikuwa ya hewa, kupitia uwazi wa ukutani unaopitisha mabomba na nyaya toka maabara hadi chumba kidogo cha simu cha ghorofa ya juu. Humo Parker alikuwa akitumia muda, mwishoni mwa Julai, akipiga simu za kuagiza vifaa vya picha.

Ripoti ilivuja kabla ya kuchapishwa rasmi. Aliyeitoa hadharani alikuwa Clive Jenkins, kiongozi wa chama cha wafanyakazi alichokuwamo Parker. Nadhani alifanya vizuri. Wenye haki ya kwanza ya kuisoma walikuwa wale waliofanya kazi katika jengo lile.

Oktoba 1979 chuo kilifikishwa mbele ya mahakimu wa Birmingham kwa sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974. Mwezi huohuo, jijini Nairobi, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Pembe ya Afrika imetimiza miaka miwili bila ndui. Wakili wa chuo hakuhitaji kuthibitisha mengi. Aliwaonyesha mahakimu kwamba ni vigumu mno kwa virusi kupanda kwenye njia ile ya mabomba vikiwa vingi kiasi cha kumwambukiza mtu, na chuo kikaachiwa. Wapo waliochukua hukumu hiyo kuwa ushahidi kwamba maabara haikuwa na kosa. Mimi siioni hivyo. Virusi vilitoka chumba kile. Hilo halikupingwa na mtu mwenye kuheshimika. Mahakama ilichokataa ni njia moja kati ya tatu. Maabara isiyoweza kueleza ndui yake ilitokaje hadi kumfikia mfanyakazi wa idara nyingine imekwisha kujieleza vya kutosha. Zaidi ya hayo, kila karatasi ya ukaguzi ilihusu wale waliokuwa ndani ya chumba, chanjo zao na taratibu zao, na jina la mpiga picha wa juu halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Mambo yalibadilika baada ya hapo, tena kwa haraka. Uingereza iliachana na akiba yake ya ndui kwa kuipeleka Marekani, Afrika Kusini ikaiteketeza ya kwake mwaka 1983, na tangu hapo ni vituo viwili tu vinavyoruhusiwa kuihifadhi: kimoja Atlanta, Marekani, na kingine nchini Urusi, ambacho sasa kiko Koltsovo, karibu na Novosibirsk. Kamati ya vimelea ya Uingereza iliundwa upya mwaka 1981, ikaanza kupanga vijidudu kwa madaraja ya hatari, na kila daraja likapewa aina ya chumba chake, milango yake na hewa yake.

Mwaka 2014 wafanyakazi wa maabara ya serikali huko Bethesda, Marekani, walikuwa wakihamisha vitu kutoka chumba cha baridi. Ndani ya maboksi ya kadibodi walikuta vichupa vya kioo vilivyofungwa kwa moto, sita kati yake vikiwa na lebo ya ndui, vya mwaka 1954. Havikuwa katika orodha yoyote. Vilipopimwa Atlanta, viwili vilikuwa na virusi hai. Viliteketezwa mwaka uliofuata mbele ya waangalizi wa Shirika la Afya Duniani.